Darubini ya Bunduki ya Mjomba

Kutoka Tunduru hadi Muleba unaikata nchi kona kwa kona. Nilianza safari hiyo mwezi wa kwanza, kambi ya uwindaji nilikokuwa nikifanya kazi ikiwa imefungwa kwa sababu ya mvua, na matope yamepanda hadi kwenye ngazi za basi. Songea nilikula ugali kwa dagaa wa Nyasa. Njombe nilivaa makoti yangu yote mawili. Dodoma niliyavua, Singida nikayafanya mto, na kutoka Nzega hadi Kahama niliyashikilia magotini kwa sababu jirani yangu alipakata ndoo ya asali iliyokuwa ikivuja, naye kila tukiruka shimo alinitazama kama dereva ni mimi.

Tulipoipita Biharamulo nikaanza kuona migomba, kwanza mmojammoja kando ya barabara, halafu mashamba yaliyofungamana, na mibuni imejibanza chini yake. Mama mmoja kiti cha mbele alipokea simu, akasema, "Waitu!" Ndivyo Wahaya tunavyomwitikia mtu tunayemheshimu. Mimi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, niligeuza uso dirishani ili konda asinione.

Nilikuwa nimeondoka Muleba baada ya kumaliza kidato cha nne. Nimechota chumvi Uvinza, nimekata mkonge Tanga, nimesukuma mikokoteni Moshi, na miaka ya mwisho nilikuwa kambini kusini, kazi yangu kusafisha bunduki za wageni na kubeba mfuko wa risasi. Kila mahali nilikaa mpaka nilipoanza kukumbuka mahali pengine. Safari hii sikuwa nimekumbuka tu. Nilikuwa nimeitwa.

Aliyeniita ni mjomba, kaka wa marehemu mama yangu, aliyenilea katika kibanja chake, shamba la migomba lenye nyumba ndani yake, juu ya ziwa, upande unaotazamana na visiwa. Alinipigia simu akapiga kelele kana kwamba anataka sauti ifike Tunduru bila msaada wa mnara.

"Mwihwa wangu! Wewe si uko huko wanakopiga wanyama?"

"Niko huko, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo uniambie bunduki yangu ina nini. Nimemkosa mamba mara mbili."

Mwihwa ni mtoto wa dada. Kwetu mwihwa ana nafasi yake: anaweza kumtania mjomba, anaweza kumwambia usoni jambo ambalo mtoto wa kumzaa angelimeza. Lakini sikumtania. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akisema neno "nimekosa".

Mambo yalikuwa hivi. Chini ya kijiji, mahali ambapo watu walichota maji, walifua na kuogesha watoto tangu kabla hatujazaliwa, alikuwa amehamia mamba. Alianza na mbwa. Akafuata mbuzi. Halafu asubuhi moja akamkamata mkono mwanamke aliyekuwa anasuuza sufuria. Wenzake walimvuta wakampata, lakini mkono haukurudi kuwa mkono. Tangu siku hiyo wanawake walikuwa wakipanda mlima hadi kwenye chemchemi inayotoa maji kidogokidogo, na foleni ya ndoo ilifika hadi kwenye mibuni ya watu. Afisa wanyamapori wa wilaya alikuja, akaona, akasema eneo lake ni kubwa na watu wake ni wachache. Lakini kwa kuwa mjomba alikuwa na bunduki yenye leseni na sifa ya zamani, angeruhusiwa kusaidia, mbele ya afisa mwenyewe. Mjomba alipiga mara ya kwanza, risasi ikaingia majini. Akapiga mara ya pili, ikachubua jiwe. Afisa akamwambia kwa upole kwamba atampa asubuhi moja tu zaidi, na baada ya hapo mzee afikirie kuirudisha bunduki polisi, apumzike.

Hilo la kupumzika ndilo lililomuumiza. Nilipofika nilimkuta amekaa mlangoni, bunduki imelala mezani ndani bila bolti, kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu. Bolti ilikuwa mfukoni mwake, kama kawaida yake. Hakuwahi kuiacha bunduki na bolti mahali pamoja. Kabla sijamaliza kunywa maji tulisikia wanawake wakipita njiani na ndoo kichwani.

"Mzee," mmoja akaita juu ya ua, "safari hii umpe mamba shikamoo. Labda ataona aibu aondoke."

"Nitampa salamu zako wewe," mjomba akajibu, "maana mnafanana meno."

Walicheka wote, na yeye akacheka. Walipopotea kwenye migomba uso wake ukarudi kama ulivyokuwa.

Niliichukua bunduki nikaitazama. Ilikuwa ya zamani, ya risasi moja moja, imetunzwa kuliko nguo za harusi. Haikuwa na tatizo lolote. Nikamwomba aielekeze kwenye mgomba ulio mbali, aniambie anachokiona.

"Naona mgomba."

"Na ncha ya chuma pale mbele ya mtutu?"

Akakunja jicho, akalifungua, akakunja tena. "Nikiiona ncha, mgomba unakuwa moshi. Nikiuona mgomba, ncha inakuwa moshi."

"Basi bunduki nzima. Ni macho, mjomba."

Nikamwonyesha vishikio viwili vya chuma vilivyokuwa juu ya bunduki, ambavyo tangu ainunue kwa mwindaji mmoja mstaafu aliamini ni mapambo. "Hapa hukaa darubini," nikasema. "Ukichungulia ndani yake, mamba na msalaba wa kulengea uliochorwa kwenye kioo vinaonekana pamoja, jicho halihitaji kuchagua. Wageni wetu kule kambini wana umri kama wako na wanapiga."

"Wazungu wana macho ya hospitali."

"Wana darubini."

Siku iliyofuata tulikwenda Bukoba. Tulipitia polisi kwanza na kitabu cha leseni, tukaeleza, tukaruhusiwa. Kisha tukashuka hadi mtaa uitwao Bakoba, kwenye duka la nyavu na ndoano ambalo mwenyewe alikuwa pia na kibali cha kuuza risasi na vifaa vya bunduki. Mwenye duka alikuwa Mlutheri mnene mwenye sauti nyororo, na alipomtambua mjomba kuwa Mkatoliki kwa rozari iliyochungulia mfukoni, biashara ikaanza kwa utani.

"Mzee wa Roma! Leo umekuja kununua nini, ubani?"

"Nimekuja kuona kama Walutheri wameanza kuuza vitu vizuri."

Aliweka darubini tatu juu ya kioo cha meza. Moja ilikuwa kubwa, kioo chake cha mbele upana wa kikombe cha chai, imeandikwa kwa rangi ya dhahabu kila upande, na ilikuwa na pete ya kuzungusha ambayo ilivuta mbali karibu hadi machoni. Ya pili ilikuwa nzuri kweli, ile ile wanayotumia wageni kambini, na bei yake ilitufanya tuirudishe mezani taratibu kama mtoto wa watu. Ya tatu ilikuwa nyeusi, fupi, haina dhahabu, haivuti zaidi ya kiwango kimoja, na vizungushio vyake viwili, cha juu na cha ubavuni, vilikuwa vimefichwa chini ya vifuniko vya kuzungusha.

Mjomba aliichukua ile kubwa akaenda nayo mlangoni. Alitazama ziwa. Akazungusha pete. "Mungu wangu. Naona Bumbire! Naona hadi mtu anakaanga samaki!"

Kisiwa cha Bumbire kilikuwa mbali mno kwa hilo, lakini mwenye duka hakumpinga. "Hiyo, mzee, unahesabu magamba ya mamba akiwa bado Uganda."

"Tunachukua hii," akasema mjomba.

Hapo ndipo nilipotumia haki yangu ya mwihwa. "Mjomba, mamba wako yuko Uganda?"

"Hapana."

"Yuko wapi?"

"Si unajua. Kwenye lile jiwe."

"Kutoka kichakani hadi kwenye jiwe ni kama kutoka hapa hadi kwenye kile kibanda cha vocha. Sasa chungulia kile kibanda kwa kuvuta mwisho."

Akachungulia. Alitafuta kibanda muda mrefu, darubini mikononi mwake ikizunguka huku na huku. Akavuka ng'ombe, ukapita ukuta, mwisho akasema, "Naona vocha moja. Sijui kibanda kiko wapi."

"Na mamba atakusubiri umtafute hivyo?"

Mwenye duka alicheka kuliko ilivyofaa mtu anayetaka kuuza kitu cha bei. Lakini mjomba alikuwa bado ameishika ile kubwa kifuani, na niliona maneno peke yake hayatoshi. Kule kambini mwindaji mmoja mzee wa Kimakua alinifundisha kwamba darubini haitazamwi kwa kioo chake tu, inaulizwa maswali. Je, inakaa mbali kiasi gani na jicho? Maana bunduki ikirudi nyuma, darubini inayotaka jicho likaribie itakupasua nyusi. Je, ukiizungusha kisha ukairudisha, msalaba nao unarudi? Na je, inaingiza hewa? Kinachoingiza hewa kinaingiza unyevu, na hewa yetu ya ziwani ina unyevu wa kutosha kufuga samaki.

Nikaomba boksi la ndoano. Nilikata mikato miwili, nikalaza darubini ndani yake isitikisike, nikaielekeza kwenye msalaba ulio juu ya kanisa kuu.

"Weee!" mjomba akashtuka. "Unalenga kanisa?"

"Ni darubini tu, mjomba. Bunduki iko nyumbani."

"Hata hivyo. Lenga la kwao."

"La kwetu halina msalaba mrefu hivyo," mwenye duka akasema. "Sisi ni wanyenyekevu."

Nilizungusha ile kubwa juu, kulia, chini, kushoto, hatua sawa kila upande. Msalaba wake mwembamba ulipaswa kurudi ulipoanzia. Ulirudi karibu, ukakaa pembeni kidogo, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kiti chake kimekaliwa. Nikarudia, ukakaa pembeni ya upande mwingine. Ile nyeusi fupi ilienda na kurudi, ikaenda na kurudi, na kila mara ikatua juu ya msalaba wa kanisa bila kubahatisha. Mjomba alichungulia mwenyewe.

"Sasa naomba beseni la maji ya vuguvugu," nikasema.

"Unataka kuoga?" mwenye duka akauliza. Nilipomweleza, sauti yake nyororo ikaisha. "Uzamishe bidhaa yangu? Ukiharibu?"

"Ikiharibika kwa maji, utakuwa umeniuzia nini? Ziwa liko pale. Na mvua ya Bukoba unaijua wewe kuliko mimi."

Mama muuza chai wa jirani alileta beseni, na bila kualikwa akabaki kutazama. Nikazamisha ile nyeusi. Maji yalitulia juu yake. Nikazamisha ile kubwa. Kwa muda kidogo hakuna kitu. Halafu povu dogo likatoka chini ya pete ya kuvutia, likapanda, likapasuka. Likafuata jingine. Yalitoka kwa mstari, taratibu, kama mpira wa baiskeli uliotobolewa na mwiba.

"Inapumua!" mama muuza chai akasema.

"Basi inapumua kwa sababu ina afya," mwenye duka akajaribu, lakini hata yeye alikuwa anacheka. Ile nyeusi tuliichukua pamoja na pete zake za kufungia, kwa bei ya mbuzi watatu wazuri, na akapunguza kidogo kwa sharti kwamba tusimwambie mtu habari ya beseni.

Nyuma ya kijiji, kupita vibanja vya mwisho, kuna rweya, nyika ya majani mafupi ambako hakuna nyumba na ng'ombe hawaendi wakati wa jua kali. Mwenyekiti wa kitongoji alitangaza kwamba mtu asipite. Tulisimamisha kipande cha gogo mbele ya kichuguu, tukalaza bunduki juu ya magunia ya maganda ya kahawa, na mjomba akapiga. Risasi zilikuwa chache, leseni ina kiasi chake. Ya kwanza ilikwenda chini kushoto. Nikazungusha. Ya pili ikakaribia. Nikazungusha tena. Ya tatu ikapasua gogo katikati.

Mjomba hakuinuka pale chini. Alilala kifudifudi, shavu juu ya kitako cha bunduki, akasema polepole, "Nimeliona gogo. Nimeuona msalaba. Vyote." Kisha akacheka hadi magunia yakatikisika.

Afisa wanyamapori alipigiwa simu, akasema atafika kesho kutwa asubuhi. Hapo tungekuwa tumemaliza, kama tusingekuwa Wahaya.

Kwetu kitu kipya hakikai ndani kimyakimya. Ukinunua redio, ukijenga jiko, ukipata kitanda, ndugu na jirani watakuja kukiona, na kukiona maana yake ni kukishika. Watakaa, watapewa kahawa ya kutafuna ndani ya kaibo, kile kikapu kidogo cha wageni, watakipitisha kitu mkono kwa mkono na kukisifia. Ukimnyima mtu kushika, umemwambia hakutakii mema. Siku iliyofuata nyumba ilijaa. Bunduki ililala mezani kama bibi harusi, bolti mfukoni mwa mjomba, na kila mtu aliinama akachungulia darubini kuelekea ukutani, akasema "Mawe!", yaani mama yangu, na kumpisha mwingine. Nilikaa karibu muda wote. Vifuniko vya vizungushio vilikuwa vimekazwa, nikawa na amani, nikaenda uani kusaidia kumenya ndizi.

Niliporudi, wageni walikuwa wameondoka isipokuwa mama mkubwa, dada mkubwa wa mjomba na mama. Alikuwa anafuta miwani yake kwa kanga, ameridhika sana.

"Kaka," alimwambia mjomba, "sasa itakufaa. Nimekutengenezea."

"Umenitengenezea nini?"

"Hiyo darubini yako. Hospitali waliponipa miwani, daktari alizungusha vioo mpaka nikaona vizuri. Nikasema hii nayo lazima ina mahali pa kuzungusha. Nikapata vifuniko. Nilipochungulia, ule msalaba ulikuwa umekaa pembeni, kwenye kalenda. Si vizuri msalaba kukaa pembeni. Nikauzungusha ukaja mpaka kwenye picha ya Bikira Maria. Umekaa pazuri sasa."

Mjomba alinitazama mimi, mimi nikatazama meza. Vifuniko viwili vilikuwa vimepangwa vizuri kando ya kaibo la kahawa.

"Dada," mjomba akasema mwishowe, "umeniua."

"Kwa nini? Nimemwelekezea Mama wa Mungu!"

"Mamba hakai na Mama wa Mungu! Anakaa kwenye jiwe!"

Mama mkubwa alielewa kwa uso wa kaka yake kabla ya kuelewa kwa maneno. Akakaa chini ghafla. "Basi zungusheni irudi."

"Ulizungusha kiasi gani?"

"Mpaka ilipofika," akasema kwa sauti ndogo.

Risasi zilizobaki zilikuwa tatu. Tukianza upya kama tulivyoanza, asubuhi ya afisa ingetukuta na mikono mitupu. Mjomba alitoa bolti mfukoni akaiweka mezani, na kwa jinsi alivyoiweka nilielewa anawaza polisi, anawaza kupumzika. Nikaichukua bunduki, nikaielekeza dirishani, nikachungulia kwa nyuma, pale bolti inapoingia. Mtutu ulikuwa bomba tupu, na mwisho wa bomba kulikuwa na duara la mwanga, na ndani ya duara migomba ya jirani.

Nilikuwa nimewahi kuliona jambo hilo likifanywa kambini. Nikacheka kwa sauti.

"Kichaa," mjomba akasema.

"Chukua magunia ya maganda. Twende rweya sasa hivi, jua bado lipo. Mama mkubwa, na wewe njoo."

Tulilaza bunduki juu ya magunia, bila bolti, tukaijaza maganda pande zote isisogee hata ukipuliza. Mama mkubwa, kwa kutaka kulipia, alivua kilemba chake cheupe tukakitundika juu ya gogo. Nilichungulia ndani ya mtutu wenyewe na kuusogeza hadi kilemba kikakaa katikati ya duara la mwanga. Kisha, bila kuigusa bunduki, nikachungulia darubini. Msalaba ulikuwa mbali, juu ya kichuguu, mahali Bikira Maria alipouacha. Nikauzungusha taratibu, mjomba akichungulia mtutu baada ya kila hatua kuhakikisha haujasogea, hadi vyote viwili, mtutu na msalaba, vikatazama kilemba kimoja.

"Kama haikushika?" mjomba akauliza akiingiza bolti.

"Tuliiuliza Bukoba. Ilisema inashika."

Kilemba kilitolewa. Mjomba akalala, akapumua, akapiga risasi moja. Gogo liliruka. Tulikimbia wote watatu, mama mkubwa akitutangulia pamoja na umri wake, na tundu lilikuwa pale, kidole kimoja kutoka katikati.

"Si nilisema nimekutengenezea?" akasema.

Nikafunga vifuniko, na mjomba akapaka gundi ya mpira wa baiskeli juu yake.

Asubuhi afisa alikuja na pikipiki yake, amevaa makoti mawili kwa sababu ya ukungu wa ziwani. Alikitazama kile kifaa cheusi, akanitazama mimi, akasema tu, "Haya, mzee." Kijiji kizima kilikuwa kimekaa juu ya mteremko, kimya kuliko kanisani. Tulijilaza nyuma ya matete. Nilikuwa na hofu ya ukungu kuingia kwenye vioo. Nje vililowa, mjomba akavifuta kwa shati, na ndani vilikuwa safi.

Jua lilipopasha jiwe, mamba alipanda. Alipanda kama mwenye nyumba, bila haraka, akaweka tumbo chini, akafungua mdomo. Nilimsikia afisa akivuta pumzi. Mjomba hakufanya lolote kwa muda mrefu sana, na nilitaka kumuuliza kama anaona, lakini niliona kidole chake kimetulia, si kidole cha mtu anayetafuta.

Risasi ilipolia ndege wote wa matete waliruka. Mamba alipiga mkia mara moja juu ya jiwe, mdomo ukajifunga, na hakushuka tena majini. Afisa alisubiri, akatazama kwa darubini yake ya mkononi, akasubiri tena. Kisha akasimama, akavua kofia.

"Mzee," akasema, "samahani kwa yale ya kupumzika."

Sikusikia mjomba alijibu nini, maana mteremko mzima ulikuwa umeanza kupiga vigelegele. Wanawake walishuka wakikimbia na ndoo tupu, na yule aliyemtania njiani alikuwa wa kwanza kuingiza miguu majini. Alichota maji kwa viganja akamrushia mjomba. "Shikamoo, mzee!" akapiga kelele. "Hii ni ya kwako, si ya mamba!" Mwanamke mwenye mkono ulioumizwa alishuka polepole nyuma yao wote. Alisimama mbele ya jiwe akimtazama yule mnyama, kisha akachota ndoo yake kwa mkono mmoja, na wenzake wakaacha achote mwenyewe. Mjomba alikaa pale kwenye matete amelowa, bunduki magotini, bolti tayari mfukoni. Alikuwa analia na hakujificha.

Nilikaa hadi masika yalipokaribia. Mjomba alinionyesha sehemu ya kibanja chini ya nyumba, akasema nijenge, nioe, niache kuzurura. Ilikuwa sehemu nzuri yenye mibuni michanga, na jioni unaona visiwa. Nilipalilia, nikafunika udongo kwa majani, nikashuka kila asubuhi kuchota maji pale pale tulipochota utotoni, na nilifurahi. Lakini nilikuwa nimeanza kumsimulia kila mtu habari za Katavi, ambako sikuwahi kufika, na mama mkubwa aliponisikia mara ya tatu alisema, "Huyu ameshaondoka, bado mzigo tu."

Niliaga jioni. Mjomba aliahidi kunisindikiza hadi stendi, lakini alfajiri gari la afisa wanyamapori lilikuja kumchukua: mwalo mwingine, ufuko wa wavuvi upande wa kusini, ulikuwa umepata mamba, na watu wake walikuwa wamemtaja yeye kwa jina la kijiji chake. Aliondoka kwa haraka kiasi kwamba alisahau kofia, tukaagana tena mlangoni, mkono kwa mkono, vibaya, kama watu watakaoonana mchana.

Nilipokuwa barabarani nangoja basi, lile gari likarudi. Walikuwa wamesahau karatasi ya kibali. Lilipunguza mwendo tu, halikusimama. Mjomba alikuwa kiti cha mbele, bunduki imesimama katikati ya magoti, amenyooka kama bwana harusi.

"Mwihwa!" alipiga kelele kupitia dirishani. "Umeona? Nimeitwa!"

"Nimeona, mjomba!"

"Nenda basi! Nina kazi!"

Gari likapanda kilima, vumbi likatulia juu ya mibuni. Basi langu lilipokuja nilipanda, nikakaa upande wa ziwa. Sijarudi tena, wala sitarudi, maana nataka kumkumbuka hivyo, akiwa ameitwa.